Ukiwa Mjumbe, Hata Mumeo Atakuomba Kura

Dada yangu, kama hujawahi kuwa mjumbe wakati wa kura za maoni, bado hujajua maana ya kupendwa. Mimi nimependwa. Nimependwa wiki tatu mfululizo, tena na watu ambao mwaka mzima walikuwa wakipita mbele ya kibanda changu cha kushona hapa Bariadi bila hata kunisalimia. Ghafla naitwa "mheshimiwa mjumbe". Ghafla mtu anasimamisha gari, anashusha kioo, "Mwadila mayu, watoto hawajambo?" Watoto! Hata hajui ninao wangapi. Simu inalia saa kumi na moja alfajiri, namba ngeni, mtu anataka kujua nimeamkaje. Mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na moja ya ndoa usingizi humchukua kabla taarifa ya habari haijaisha, naye akaanza kukaa macho.

Chama changu sitakitaja. Gazeti hili linasomwa na watu wa kadi zote, na kwetu siasa si jambo la mzaha. Huku ndiko John Cheyo, yule Bwana Mapesa wa UDP, alikojijengea ngome yake. Aligombea urais mwaka 1995 na 2000, na alikuwa mbunge wa Bariadi Mashariki mpaka 2015. Zipo nyumba huku ambazo baba ana kadi ya chama kimoja na mama ana ya kingine, na jioni wanachovya ugali kwenye bakuli moja la mlenda. Kwa hiyo nisomeni kama mwanamke, si kama mwanachama. Nimeongea na wenzangu wa vyama vingine na hadithi zao ni hizi hizi. Tofauti ni rangi ya khanga tu.

NILIINGIAJE HUMO?

Kwa mwandiko. Kweli kabisa. Tawi letu lilikosa mtu wa kuandika muhtasari wa vikao, katibu aliyekuwepo alihamia Mwanza, na mzee mmoja akasema, "Yule fundi cherehani ana mwandiko mzuri." Nikaanza kuandika. Ukiandika muhtasari wa vikao kwa miaka miwili unajua kila kitu: nani halipi ada, nani anaongea sana na hafanyi, nani alikopa hela ya tawi akasahau. Uchaguzi wa ndani ulipofika wakanisukuma nigombee ujumbe wa mkutano wa kata, halafu wa wilaya. Nikapita. Sikuwa na pesa ya kumpa mtu, na hakuna aliyeniomba. Huku chini kabisa kura bado ni za watu wanaofahamiana.

Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyeanza mambo haya zamani, aliniambia wakati wake ilikuwa kazi zaidi. Bariadi ilikuwa chini ya mkoa wa Shinyanga. Kikao cha mkoa maana yake ulale Shinyanga mjini, na mume gani wa Kisukuma angekubali mkewe alale gesti eti kwa ajili ya kikao? Wengi waliishia kwenye kata. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, makao makuu yako hapa hapa kwetu, na sasa ni wenzetu wa Meatu na Busega wanaopata shida ya kusafiri. Utaona jambo dogo, lakini nina hakika mpaka ule mpya umewafungulia wanawake wa Bariadi njia kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Mshahara? Hakuna. Kuna nauli ikibidi, soda, siku nyingine wali. Ukiingia huku ukidhani utatajirika, baki tu na biashara yako ya choroko.

SASA KWA NINI TUNABEMBELEZWA?

Hesabu ni rahisi. Kwenye uchaguzi mkuu mgombea anahitaji maelfu ya kura. Kwenye mkutano wa wajumbe watu ni mia chache, wamekaa ukumbini, wana majina, wana simu, na nyumba zao zinajulikana. Kura moja huku ni nzito sana.

Angalia uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA pale Mlimani City, Dar es Salaam, Januari 2025. Nchi nzima ilikesha. Tundu Lissu kura 513, Freeman Mbowe 482. Kura thelathini na moja! Hao ni abiria wa Coaster moja tu, na wameamua nani aongoze chama kikubwa cha upinzani. Au rudi Dodoma, Julai 2015, wajumbe wa CCM walipoletewa majina matatu ya mwisho ya kugombea urais. Wawili kati ya hao walikuwa wanawake, Amina Salum Ali na Asha-Rose Migiro. Wengi hulisahau hilo. John Magufuli alipata kura 2,104, Amina 253, Asha-Rose 59. Huwa najiuliza wale 312 walikuwa akina nani, na je, kina mama wote waliokuwa mle ukumbini waliwapa wenzao?

Halafu ikaja 2020. Tarehe 20 na 21 Julai CCM ilipiga kura za maoni za ubunge, na kura zikahesabiwa wazi mbele ya wagombea wenyewe. Watu walioapiwa na ukumbi mzima wakaambulia sifuri. Hapo ndipo ulipozaliwa ule msemo ulioenea mpaka kwenye fulana na ringtoni, "wajumbe si watu wazuri". Kwetu Bariadi, Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005, aliyekuwa mbunge wetu tangu 2005, hakurudi bungeni mwaka ule. Kiti kikaenda kwa Mhandisi Kundo Mathew. Kuanzia hapo, ukijitambulisha popote kuwa wewe ni mjumbe, watu wanacheka kwanza.

Mimi msemo ule haunichekeshi sana. Anayesema wajumbe si watu wazuri mara nyingi ni mtu aliyelipa, halafu hakupata alichonunua.

WAPAMBE HAWAJI KWAKO, WANAKUJA KWA MUMEO

Hili ndilo ninalotaka kulieleza vizuri, maana sijaliona likiandikwa.

Wapambe wa wagombea si wajinga. Mwanamume mjumbe watamfuata kijiweni. Mwanamke mjumbe wanajua akionekana amesimama na mwanamume asiye wake jioni, kesho mji mzima unajua. Basi wanazunguka nyuma. Wanamtafuta mume, wanamwita "shemeji", wanamnunulia soda na nyama choma, kisha wanamwambia, "Wewe ndiye mwenye nyumba, zungumza na mama."

Mwaka sitautaja. Ilikuwa Julai, wakati watu wanauza pamba na mji una hela, lakini sisi tulikuwa tumekauka. Biashara ya choroko ya mume wangu ilikuwa imekwama, na mtoto wa kwanza alikuwa anasubiri godoro, shuka na sare mbili ili aende bweni. Siku moja mume wangu akarudi na bahasha. Shilingi laki moja na nusu, na kitenge juu yake.

"Wamesema ni nauli," akaniambia.

"Nauli ya kwenda wapi? Ukumbi uko hapa mjini, boda boda elfu moja."

"Mke wangu, usiwe mbishi. Kila mtu anapokea."

"Na wewe umewaahidi nini?"

Akanyamaza, halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba kura ya nyumba hii ni moja, na yeye ndiye kichwa cha nyumba. Akakumbusha na ng'ombe. Kumi na wawili walitolewa kwa ajili yangu, hilo ni kweli, na walikuwa ng'ombe wazuri. Nikamjibu kwamba wale ng'ombe walikwenda kwa baba yangu kunichukua mimi. Kadi ya chama niliikata baadaye, kwa hela ya cherehani.

Basi, kasheshe. Siku mbili tukawa tunasalimiana kama wapangaji. Bahasha iko kabatini. Kila nikifungua kuchukua uzi naiona, na kila nikiiona naona godoro.

Msomaji, usidhani sheria nilikuwa siijui. Zamani haya mambo yaliitwa takrima, na kwa muda yalikuwa halali. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, mgombea akaruhusiwa "kukirimu" watu, mpaka mwaka 2006 Mahakama Kuu ilipoitupa takrima kwa kuwa inakwenda kinyume na Katiba. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayogusa hata uteuzi ndani ya vyama. Na kwa sheria ya rushwa ya 2007, inayosimamiwa na TAKUKURU, anayetoa na anayepokea wote wamo. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini sheria haikai kabatini pamoja na bahasha, na haimnunulii mtoto shuka.

Aliyetukwamua ni mama mkwe. Nilimpelekea unga, akaona uso wangu, akauliza. Nikamweleza yote. Nilitegemea angemtetea mwanawe.

"Hizo hela mmeshazila?"

"Bado, mama."

"Basi zirudi kabla hamjazila. Zikishaliwa, mwenyewe atakuja kukaa kwenye kigoda cha mume wako."

Jioni ile ile akamwita. Walichoongea sikijui. Ninachojua ni kwamba mume wangu alichukua bahasha na kitenge, akapanda baiskeli, akarudisha mwenyewe. Wapambe wakamcheka. Wakamwambia kuna wanaume wenzake wamechukua kwa wagombea watatu na wanalala usingizi mnono.

Aliporudi alikaa uani muda mrefu. Nikampelekea chai. Hapo ndipo yakatoka yaliyokuwa moyoni. Kumbe kijiweni walikuwa wanamwita "mume wa mjumbe". Akipita wanasema, "Mpisheni shemeji wa taifa." Wivu wangu nilidhani ni wa simu za usiku, kumbe yeye shida yake ilikuwa kwamba watu wameanza kumjua kwa jina langu, na ile bahasha ilikuwa mara ya kwanza mtu kumfuata yeye kama mtu mwenye uzito. Ndugu zangu, hilo lilinigusa kuliko ugomvi wote. Tukapatana usiku ule: nikiwa kikaoni atajua niko wapi na narudi saa ngapi, simu yangu itakaa mezani na akitaka ataipokea. Kura hatauliza. Mpaka leo hajauliza.

Godoro nililinunua. Nilishona magauni manne ya harusi ya watu kwa siku tano. Mgongo ulijua.

NA WALE WASIO NA MAMA MKWE?

Mimi nilikuwa na bahati. Yupo binti mmoja, mjumbe wa upande wa vijana, ambaye mtu mwenye nguvu alimtaka waende wakazungumzie "mustakabali wake" gesti. Binti hana mume, na hana mtu wa kumtuma akarudishe chochote. Kinachotakiwa kwake si kura peke yake. Alikataa, na jina lake likapotea kwenye orodha ya kamati iliyofuata. Wanawake wenzake tukanong'ona kwa wiki moja, tukanyamaza. Kifungu cha 25 cha ile sheria ya 2007 kinaitaja rushwa ya ngono waziwazi, mtu kutumia madaraka yake kudai mwili. Wachache sana kati yetu walikuwa wamewahi kukisikia. Semina tunafundishwa namna ya kupendeza jukwaani.

SHOGA YANGU NA DAFTARI LAKE

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mkutano mwingine, wa wanawake watupu, wa kura za udiwani wa viti maalum. Na rafiki yangu aligombea.

Huyu si rafiki wa saluni. Tumechota maji pamoja tangu darasa la pili, nimemshonea gauni la send-off, mtoto wake wa mwisho nilimpokea mimi mikononi pale hospitali. Akachukua fomu, akazunguka kata zote, kwa miguu na kwa boda boda za kukopa. Alikuwa na daftari. Kila mjumbe aliyemwambia "nitakupa" aliandikwa jina. Mpaka usiku wa mwisho daftari lilikuwa na majina sitini na moja. La kwanza kabisa lilikuwa langu, aliliandika hata bila kuniuliza.

Siku ya mkutano kila mgombea alipewa dakika tatu za kujieleza. Dada zangu, dakika tatu ni nyingi ukiwa huna la kusema. Wengine walitumia mbili kusalimia meza kuu. Mmoja, tulidhani si lolote, alisimama akazungumzia kisima kimoja tu, mahali kilipo, kilivyoharibika na fundi anayeweza kukitengeneza, akakaa. Ukumbi ukatulia. Shoga yangu aliongea vizuri pia, ila alikuwa na woga, akarudia shukrani mara mbili.

Msimamizi akatangaza simu zizimwe na asiingie mtu nazo kwenye kupiga kura. Akina mama kadhaa nikawaona wanapumua. Sababu naijua: kuna wapambe wanaotaka upige picha karatasi yako uwaonyeshe kama risiti. Bila simu hakuna risiti. Mle ndani kulikuwa na wanawake ambao waume zao walikuwa wameshakula hela ya mtu, wengine mawifi zao walikuwa wameshaapa kwa niaba yao. Pale kwenye meza yenye pazia la khanga, kwa nusu dakika, hapakuwa na mume, wifi wala mpambe. Nimekuwa mjumbe kwa ajili ya ile nusu dakika. Wanaosema tuwe tunapiga kura kwa kunyoosha mikono, eti ndiyo uwazi, waje kwanza waulize ndani ya nyumba zetu.

Kura zikahesabiwa. Daftari lilisema sitini na moja. Sanduku likasema thelathini na nane. Alikosa nafasi kwa kura nne.

Alilia, bila kujificha. Kisha akageuka akaniangalia mimi, kati ya watu wote wale.

Miezi mitano hakukanyaga kibandani kwangu. Watu wakaja na maneno yao: mara nilinunuliwa, mara nilimwonea wivu. Mume wangu mwenyewe akaniambia, "Si umwambie tu ukweli, yaishe?" Sikumwambia. Nikimwambia nilimpa, lazima niape, na kesho mwingine atataka nimwapie. Nikimwambia sikumpa, basi. Na pia nilikuwa nawafikiria wale wengine. Tukianza kutajiana kura kwa sababu ya urafiki, kesho waume watadai kutajiwa kwa sababu ya ndoa, na wao watakuwa na haki zaidi ya rafiki. Kwa hiyo hata wewe unayesoma hapa sikuambii nilimpa nani.

Yalikwisha polepole. Msiba ulitokea kwao, nikaenda nikalala siku tatu kama kawaida, nikasonga ugali wa waombolezaji. Siku ya kuanua tanga akakaa karibu yangu, tukamenya viazi vya kukausha michembe. Hakuuliza. Alisema tu kwamba kati ya wale ishirini na watatu waliomdanganya, amekwisha kuwagundua kumi na watano. Nikamwuliza anawajuaje. "Ndio wanaonipa pole sana," akasema.

Wengi mnaniuliza kama kweli inafaa mwanamke mwenye nyumba aingie huku. Inafaa, lakini uanze chini, kwenye tawi, kipindi ambacho hakuna uchaguzi na hakuna anayekuangalia. Jifunze kuandika muhtasari. Uwe na kazi yako, hata ya vitumbua, maana mjumbe mwenye njaa bei yake inajulikana mtaa mzima. Na zungumza na mumeo kabla wapambe hawajazungumza naye.

Shoga yangu anajiandaa kugombea tena, safari hii uongozi ndani ya chama. Daftari amelitupa. Anakwenda kwenye matawi yale yaliyomnyima, anakaa, anasikiliza. Juzi alileta kitambaa cha gauni la kujinadia, mshono wa mabega mapana, si unajua tena mambo ya jukwaani. Amelipa nusu. Nusu nyingine anataka nimdai akishapita, na mimi nimemwambia kipindi cha fomu sikopeshi mgombea yeyote, alete hela ndipo nipige pasi.